Mwizi wa baiskeli ana mteja, na huenda mteja ni wewe

Tuanze na hesabu ndogo tu. Unaishi Kimbo na kibarua chako kiko upande wa pili wa Ruiru, karibu na bypass. Tuseme nauli ni 50 kwenda na 50 kurudi, siku 26 za kazi. Hiyo ni Sh2,600 kila mwezi, na hapo bado hujakutana na mvua, maana tone likianguka tu makanga anatangaza mia. Ukinunua baiskeli ya mtumba ya Sh8,000, kufikia mwezi wa nne imejilipa. Kutoka hapo ile 2,600 ni unga, ni tokeni za stima, ni kitu cha kutuma nyumbani.

Sasa mwizi aichukue mwezi wa pili. Umerudi stejini, elfu nane imeenda, na kama ulikopa kwa simu ndio uinunue, bado unalipa deni la kitu ambacho mtu mwingine anakiendesha huko Makongeni.

Ndiyo maana mimi huchoka nikisikia mtu akisema, "Si ni baiskeli tu?" Mwenye gari ana bima, ana kifaa cha kulifuatilia, ana logbuku yenye jina lake. Anayepoteza baiskeli huku kwetu ni soja anayetoka shifti ya usiku, ni kijana wa mjengo, ni yule jamaa anayefikisha mikate dukani kabla hujaamka. Hawa hawaendeshi baiskeli kwa mazoezi ya wikendi wakiwa na kofia na chupa ya maji. Baiskeli kwao ni mguu wa tatu, na mguu ukikatwa mtu anachechemea.

Na kila ikiibwa, stori zetu huwa mbili. Tunamlaani mwizi, halafu tunamuuliza mwenyewe, "Kwani hukufunga?" Basi. Yule mtu wa tatu hatumtaji kabisa. Hebu fikiria: mwizi hali baiskeli. Haifugi. Haendi kuipanga sebuleni aitazame. Anaiuza, tena siku hiyo hiyo, na anayemuuzia si mgeni kutoka mbali. Ni mtu wa mtaa, kijana kama wewe na mimi, aliyeona bei akafurahi.

Nitarudi kwa huyo mnunuzi, maana ndiye ninayemtaka. Lakini kwanza tumalize mambo ya kufuli, kwa sababu najua wengine mmekuja hapa kwa hilo.

Ile kebo nyembamba ya rangi rangi, yenye namba nne za kuzungusha, ni pambo. Koleo la kawaida la fundi stima linaikata kabla hujalipia chapati. Ukitaka kuitumia, itumie kufungia helmeti. Kufuli la kweli ni lile la chuma kilichokunjwa umbo la herufi U, au mnyororo mnene wa chuma kigumu na kufuli lake zito. Ni ghali, ndiyo. Kanuni ninayopenda ni hii: toa angalau sehemu ya kumi ya bei ya baiskeli uiweke kwa kufuli. Baiskeli ya 12,000 inastahili kufuli la 1,200. Mtu hununua baiskeli ya elfu kumi na mbili halafu anailinda kwa kitu cha mia mbili, kisha anashangaa.

Kufunga nako kuna namna yake. Gurudumu la mbele peke yake si kitu cha kufungia, maana linatoka kwa spana moja, na lile la klipu halihitaji hata spana. Utarudi ukute gurudumu limebaki limefungwa vizuri kabisa na baiskeli haipo. Pitisha kufuli kwenye fremu na gurudumu la nyuma pamoja, kisha kwenye kitu ambacho hakiwezi kung'oka. Usiache kufuli likalala chini, kwa sababu hapo mwizi anapata sakafu ya kuegemeza mkasi wake wa chuma au ya kugongea nyundo. Tundu la ufunguo liangalie chini. Na kabla ya kufunga kwenye mlingoti, inua macho. Kama mlingoti ni mfupi na hauna kitu juu, mtu ataipandisha baiskeli na kufuli lake na kuishusha upande wa pili, bila kukata chochote.

Hakuna kufuli lisilofunguka, tusidanganyane. Kazi ya kufuli ni kumchelewesha mwizi mpaka aone haya au aone watu. Kwa hivyo mahali unapofungia kuna uzito kuliko unachofungia nacho, na hapo ndipo Thika na Ruiru zinatuangusha.

Novemba 2012, Rais Mwai Kibaki alipofungua rasmi Thika Superhighway (mimi nilikuwa bado shule ya msingi, tulipewa nusu siku kuizungumzia darasani), tulipata barabara ya karibu kilomita 50 kutoka Nairobi hadi Thika, na pembeni yake vipande vya njia za wapita kwa miguu na baiskeli. Vizuri. Leo nyingi kati ya njia hizo zina vibanda vya viazi karai na nduthi zilizopaki, lakini tuseme umepita. Umefika. Sasa baiskeli italala wapi? Barabara ilifikiriwa, safari ikafikiriwa, mwisho wa safari ukasahaulika. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 Ruiru na 251,407 Thika. Hiyo ni zaidi ya watu laki saba kwa miji miwili inayopakana na Juja katikati, na ukitaka chuma cha kufungia baiskeli mjini utazunguka hadi uchoke, kisha utafunga kwa geti la duka la mtu akufokee.

Kuna supamaketi moja Thika, sitaitaja. Gari likiingia, soja anaandika namba kitabuni, anatoa kadi, anasema karibu. Nikiingia na baiskeli ananionyesha kando ya mapipa ya taka na kuniambia, "Weka hapo, lakini sisi hatuhusiki." Pesa ninayotumia ndani ni ile ile. Mkate hauna bei ya wenye magari.

Nyumbani ndiko kubaya zaidi. Baiskeli nyingi ninazosikia zimeibwa mtaani zimetoka ndani ya ploti, usiku, geti likiwa limefungwa. Mwenye nyumba amesema baiskeli zisipande ngazi kwa sababu zinachafua ukuta. Chini kuna nafasi ya magari manne yanayolipiwa parking. Kwa hivyo baiskeli zinaegemezwa mahali popote, kama viatu vilivyoachwa mlangoni mwa msikiti, ila viatu vya msikitini vina heshima zaidi. Jirani yangu fundi wa mabati aliipoteza yake hivyo. Keteka alimwambia hakusikia chochote. Alikuwa ameifunga vizuri, gurudumu la nyuma na fremu, lakini hakuwa ameifunga kwa kitu. Wezi waliibeba tu begani kama mtu anayebeba kitanda.

Kama unaishi ploti ya aina hiyo, shika wapangaji wawili watatu wenye baiskeli mwende kwa mwenye nyumba pamoja. Mmoja akienda anaitwa msumbufu, wanne wakienda ni kodi nne. Msiombe nafasi, ombeni chuma kimoja tu kilichokunjwa na kuzikwa ukutani kwa simiti, pale ambapo taa ya geti inafika. Fundi wa kuchomelea yeyote Kihunguro au Makongeni anajua kukitengeneza kwa asubuhi moja, na mnaweza kuchangishana. Akikataa hata hilo, pandisha baiskeli yako nyumbani, futa matairi na kitambaa, na umpe sababu nyingine ya kulalamika. Huyo ndiye ushauri wangu na sitauomba radhi.

Na ile ya kuiacha stejini kutwa nzima ukipanda matatu au treni ya kwenda Nairobi, tafuta mama mboga au fundi viatu ambaye yupo hapo kila siku, mpatane kitu kidogo. Ishirini bob kwa mtu anayejua uso wako inashinda kufuli la elfu mbili mahali ambapo kila anayepita anadhani kila anayeshika baiskeli ni mwenyewe.

Sawa. Sasa turudi kwa mnunuzi.

Baiskeli ina shida moja kubwa ambayo gari na nduthi hazina: haina logbuku. NTSA haiijui. Haina namba ya usajili nyuma. Ikishatoka mikononi mwako mita mia tatu, hakuna karatasi ya serikali popote duniani inayosema ni yako. Mwizi anajua hilo kuliko wewe. Ndiyo maana anaweza kuiendesha mchana kweupe, akapita mbele ya polisi, akasalimia.

Lakini kuna kitu kimoja karibu kila baiskeli ilizaliwa nacho na wengi wetu hatujawahi kukiona. Igeuze yako sasa hivi, magurudumu juu. Pale chini ya fremu, pedali zinapoungana, kuna namba iliyogongwa kwenye chuma. Kama haipo hapo, tazama kwenye bomba la kiti, au mbele chini ya usukani, au karibu na gurudumu la nyuma. Ikiwa imejaa matope na grisi, kitambaa chenye mafuta taa kitaisafisha. Piga picha ya namba hiyo. Piga picha ya baiskeli nzima, upande kwa upande, na moja wewe ukiwa umeishika. Kisha usiziache kwa simu pekee, maana simu nayo ina wezi wake. Zitume kwa baruapepe yako au kwa dada yako.

Kama fremu haina namba, au imefutwa na kutu, mwambie fundi akugongee alama yako mahali ambapo hapaonekani upesi. Na ile mbinu ya wazee wa Black Mamba bado inafanya kazi: andika jina na namba ya simu kwenye karatasi, ifunge kwa nailoni, ng'oa kiti, itumbukize ndani ya bomba, rudisha kiti. Mwizi atapaka rangi, atabadilisha usukani, ataondoa keria, lakini nani huchungulia ndani ya bomba? (Ndiyo, najua wezi pia husoma. Lakini kufungua kila bomba ni kazi, na huyu jamaa alichagua wizi kwa sababu hataki kazi.)

Halafu kuwa na fundi mmoja. Hapa nasisitiza. Fundi wa baiskeli wa kona yenu, yule mwenye beseni la maji ya kutafutia panchari, anazijua baiskeli za mtaa kama mwalimu anavyojua watoto wa darasa lake. Anajua ni nani alibadilisha spoku, ni nani breki yake ya nyuma haishiki. Ikipotea, yeye ndiye wa kwanza kuambiwa, kabla ya status ya WhatsApp. Kwetu huku huyo ndiye NTSA ya baiskeli. Ukitembeza baiskeli yako kwa mafundi kumi tofauti kutafuta aliye rahisi kwa shilingi kumi, hakuna hata mmoja atakayeitambua siku itakapoletwa kwake na mtu mwingine.

Kuna filamu ya zamani ya Italia, Ladri di biciclette ya Vittorio De Sica, ya 1948, nyeusi na nyeupe. Baba mmoja Roma amepata kazi ya kubandika matangazo, na kazi yenyewe inataka baiskeli. Inaibwa siku ya kwanza kazini. Anaenda na mtoto wake na marafiki kuitafuta sokoni, na huko anakuta ni kama Gikomba ya baiskeli: kengele peke yake, tairi peke yake, fremu peke yake. Wanamkuta mtu anapaka fremu rangi, wanamwita afisa, fremu inasomwa namba. Si yenyewe. Miaka zaidi ya sabini imepita na baiskeli bado inaibwa vile vile, inachinjwa vile vile, na bado ni ile namba ndogo tu inayoweza kusema ukweli.

Wenzetu waliona hivyo. Japani sheria inamtaka kila mwenye baiskeli aisajili, na stika yenye namba inabandikwa kwenye fremu. Uholanzi, nchi yenye baiskeli nyingi kuliko watu, polisi wana tovuti ambapo kabla ya kununua unaandika namba ya fremu na kuona kama imeripotiwa kuibwa. Na bado zinaibwa huko, tena nyingi. Lakini mnunuzi wa Uholanzi hawezi kusema hakuwa na mahali pa kuuliza. Sisi tunaweza kusema hivyo, na tunasema kwa raha kabisa.

Sasa sikiliza. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, kwa hivyo sina digrii ya sheria wala ya kitu kingine. Lakini sheria za Kenya ziko mtandaoni bure na nilisoma. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, Kifungu cha 275: wizi wa kawaida, ule ambao haujawekewa adhabu yake maalum, ni hadi miaka mitatu jela. Nenda Kifungu cha 322, kuhusu kupokea na kushughulikia mali ya wizi ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Hiyo ni hadi miaka 14.

Soma tena. Aliyeiba, mitatu. Aliyenunua, kumi na minne.

Nilipoona hivyo mara ya kwanza nilidhani ni makosa ya uchapishaji. Kisha nikaelewa. Waliotunga sheria walijua kitu ambacho sisi tunajifanya hatujui: mwizi mmoja anaiba moja, lakini mnunuzi anawalisha wezi kumi. Na usikimbilie kujificha nyuma ya "sikujua". Maneno ni "sababu ya kuamini". Baiskeli ya gia yenye thamani ya elfu kumi na mbili, inauzwa kwa elfu mbili, saa mbili usiku, nyuma ya baa, na kijana anayeiuza kiti kimemzidi urefu hadi miguu haifiki pedali. Hakimu hatahitaji muda mrefu kuiona hiyo sababu.

Hata serikali hujua mchezo huu ikitaka kuujua. Januari 2022, baada ya nguzo za stima kuanguka na nchi kuingia gizani, Rais Uhuru Kenyatta hakuishia kwa waliong'oa vyuma. Alisimamisha biashara yote ya chuma chakavu. Kulikuwa na sheria tangu 2015 inayomtaka mfanyabiashara wa skrepu awe na leseni na aweke rekodi ya anachonunua na aliyemuuzia, lakini ilichukua giza ndio watu waikumbuke. Miezi michache baadaye biashara ikaruhusiwa tena. Sisemi ilikuwa dawa nzuri, kuna waokota vyuma wengi waaminifu waliolala njaa. Nasema tu kwamba nguzo ya stima ikiibwa tunauliza nani alinunua, na baiskeli ya soja ikiibwa tunauliza kwa nini hakufunga.

Fremu isiyoweza kuuzwa nzima huishia huko huko kwa mizani, kwa kilo. Chuma kilichokuwa kinamwokoa mtu 2,600 kila mwezi kinakuwa mia chache za mtu mmoja jioni moja.

Kwa hivyo ukitaka baiskeli ya mkono wa pili, na wengi wetu hatuna uwezo wa ile ya dukani, nunua kwa adabu. Kutana na muuzaji mchana, kwa fundi wako, si gizani. Muulize aliitoa wapi, ameitumia miaka mingapi, nini kimewahi kuharibika. Mwenye baiskeli halisi atakuchosha na stori: jinsi ilivyopinda ringi akitoka Gatuanyaga, jinsi gia ya tatu inavyoruka. Mwizi hana stori. Ana haraka. Kisha igeuze utafute namba. Ikiwa imesagwa na faili na chuma kinang'aa, usijadili bei, ondoka. Ikiwa ipo, andika kwenye karatasi: namba ya fremu, jina lake, namba ya kitambulisho, tarehe, bei, sahihi zenu na ya fundi. Lipa kwa M-Pesa, ujumbe ubaki na jina. Mtu ambaye baiskeli ni yake hatakataa lolote kati ya hayo. Atakayekataa atakwambia, "Buda, si ununue tu, nina haraka." Hapo amekwisha kukujibu.

Watu wataniambia, "Maisha ni magumu, bei rahisi ni bei rahisi." Najua maisha ni magumu, ninaishi hapa hapa. Lakini wewe ukinunua kwa elfu mbili, kuna mtu wa Kiandutu leo anatembea kwa miguu hadi viwandani, na kesho kutwa ni zamu yako kutembea, kwa sababu mwizi huyo sasa ana mtaji na anajua njia ya kwenu.

Kuna jambo la mwisho na ni zito. Black Mamba zote zinafanana. Rangi nyeusi ile ile, bomba la juu lile lile, keria ile ile ya kubebea mitungi ya maji. Na sisi tuna ugonjwa. Mtu akipaza sauti "mwizi!" pale steji, hakuna anayeuliza swali. Mawe yanatoka, tairi linatoka, petroli inatoka. Umeona. Kama hujaona kwa macho, umetumiwa video. Sasa fikiria umepoteza baiskeli wiki mbili zilizopita, una uchungu, na ghafla inapita mbele yako na mtu asiyemjua amekaa juu yake. Unaamini ni yako. Unapiga kelele.

Huenda ni yako kweli, na aliyeikalia ni mtoto wa watu aliyeinunua kwa elfu mbili nyuma ya baa. Mwizi mwenyewe yuko mahali anakunywa chai. Au huenda si yako kabisa, ni Black Mamba nyingine iliyonunuliwa kwa risiti, ya baba anayewahi kazini. Katika zile dakika tano umati hautajua tofauti, na hakuna baiskeli Kenya nzima, hata zile za maelfu ya dola wanazoendesha mashindanoni, inayotoshana na hicho utakachokuwa umekifanya.

Kwa hivyo siku ikiibwa, nenda kituoni siku hiyo hiyo. Ruiru, Juja, Thika, Makongeni, polisi wapo. Toa namba ya fremu iandikwe kwenye OB, na uondoke na namba yako ya OB kwa karatasi au kwa simu. Usiandikishe tu "baiskeli nyeusi". Peleka picha kwa fundi wako na mafundi wa mitaa jirani. Na siku utakapoiona njiani chini ya mtu mwingine, meza ile kelele. Piga picha ukiweza, mfuate kwa mbali uone anaingia wapi, au msimamishe kwa salamu mbele ya fundi, kisha ita polisi na uwasomee OB. Afisa akikuuliza utathibitishaje kwamba ni yako na zote zinafanana, mwambie aigeuze magurudumu juu.